Waliokuwa Bado Vitandani

Tarehe 22 Aprili 2020 jarida la udaktari la Marekani, JAMA, lilitoa habari za wagonjwa 5,700 wa korona waliolazwa katika hospitali 12 za kundi la Northwell, jijini New York na vitongoji vyake. Dunia ilikuwa na kiu ya hesabu. Wuhan ilikuwa imetoa hesabu ndogondogo, Lombardia ilikuwa imetoa yake, Seattle ilikuwa na wagonjwa mahututi 24 tu. Hapa sasa palikuwa na maelfu. Watu waliisoma kwa pupa, na kwenye muhtasari wakakuta namba iliyoruka nje ya karatasi ikaenda zake: 88.1. Katika kila wagonjwa 100 waliowekewa mashine ya kupumulia, 88 wamekufa.

Ilisafiri bila mizigo. Ilipofika huku kwetu ilikuwa imeacha njiani jina la jarida, majina ya hospitali na tarehe za kuhesabu. Ikaingia kwenye makundi ya WhatsApp ya koo na majirani kwa sauti ya mtu asiyejulikana, anayesemekana tu kuwa ni daktari huko nje: wakitaka kumtia mgonjwa wenu mashine, kataeni, tisa kwa kumi hawarudi. Nani angebishana naye? Magazeti ya michezo yalikuwa yamekwisha kutuzoesha kwamba timu inayopumulia mashine ni timu inayosubiri kuteremka daraja.

Tuifungue hesabu yenyewe. Waliowekewa mashine walikuwa 1,151. Daftari lilifungwa tarehe 4 Aprili. Siku hiyo 282 walikuwa wamefariki na 38 walikuwa wameruhusiwa kwenda nyumbani. Hao ni 320. Waliobaki, watu 831, walikuwa bado vitandani, hawajafa na hawajatoka. Namba 88.1 ilipatikana kwa kuwagawanya wale 282 kwa 320, kana kwamba 831 hawakuwahi kulazwa. Siku mbili baadaye jarida lilirekebisha muhtasari wake: waliofariki ni asilimia 24.5, waliotoka hai asilimia 3.3, waliosalia wodini asilimia 72.2. Nina shaka kama marekebisho hayo yalisomwa na hata mmoja katika kila watu mia walioisikia ile ya kwanza.

Ni sawa na kusimama mlangoni mwa chumba cha mtihani nusu saa baada ya karatasi kugawiwa, ukawahesabu waliokwisha kutoka, kisha ukatangaza kwamba darasa zima limefeli. Wanaotoka mapema ni wale waliokata tamaa. Wenzao wangali wameinamia karatasi. Ugonjwa huu ulikuwa na tabia hiyohiyo: kifo chake kiliweza kuja ndani ya siku chache, lakini kupona kulichukua wiki mbili, tatu, wakati mwingine zaidi ya mwezi mgonjwa akiwa na mrija kooni. Mtu aliyewekewa mashine tarehe 28 Machi alikuwa na muda wa kutosha kufa kabla ya tarehe 4 Aprili. Muda wa kupona hakuwa nao. Hata angekuwa na mapafu ya mkimbiaji wa Iten, daftari lisingeweza kumwandika upande wa waliopona.

Siwalaumu sana waandishi wa hesabu hiyo. Waliiandika wakati magari yenye majokofu ya kuhifadhia maiti yameegeshwa nje ya hospitali za jiji lao, na wale 831 hawakufichwa. Walikuwemo kwenye majedwali kwa yeyote mwenye subira ya kufika huko. Lakini muhtasari ndio unaosomwa, na kwa siku mbili muhtasari uliwafanya watu 831 waliokuwa wanapumua wasiwe na uzito wowote katika swali la kama watu wanaopumulia mashine huishi.

Sasa tunajua zaidi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2021, uliokusanya tafiti 69 kutoka nchi 23 na wagonjwa 57,420 waliowekewa mashine, ulikuta kwamba waliofariki walikuwa asilimia 45. Umri ulikuwa na ukatili wake: waliozidi miaka 80 walifariki zaidi ya wanane kwa kumi, na hata wenye miaka 40 kushuka chini hawakupona wote wala karibu na wote. Asilimia 45 si habari ya kumpa mtu usingizi. Ila mzazi anayeambiwa kwamba mwanawe ana nafasi ya kurudi inayozidi kidogo nusu, na mzazi anayeambiwa kwamba hana karibu nafasi yoyote, hawatatia saini karatasi ileile ya ridhaa kwa mkono uleule.

Jambo lililonikalia kichwani zaidi ni hili: wakati New York inatikisika, hospitali tatu za chuo cha Emory kule Atlanta zilitoa hesabu ya wagonjwa wao mahututi 217. Waliohitaji mashine walikuwa 165, na katika hao walifariki 59, yaani chini kidogo ya asilimia 36. Virusi ni vilevile, na mashine ni za aina ileile, labda hata za kiwanda kilekile. Atlanta walikuwa na wiki chache za kujipanga. Walikuwa na vyumba vya mahututi vilivyokwisha kuwepo, na ndani yake manesi na madaktari waliozoea kazi hiyo, wanaohudumia idadi ya wagonjwa waliyoizoea. Kwa hiyo ukiniuliza mashine ya kupumulia inaponya watu wangapi, nitalazimika kukuuliza kwanza ni nani amesimama pembeni yake, na ana wagonjwa wangapi wengine zamu hiyo.

Mashine yenyewe haitibu kitu. Hapa ndipo picha iliyokuwa vichwani mwetu, na vichwani mwa wanasiasa waliokuwa wakigombania mashine duniani kote mwaka ule, ilipokwenda kombo. Mapafu yana mamilioni ya vifuko vidogo vya hewa vyenye kuta nyembamba mno, na upande wa pili wa kila ukuta damu inapita kuchukua oksijeni. Korona kali huzichubua kuta hizo. Majimaji na uchafu wa vita vya kinga ya mwili huvijaza vifuko, vingine huporomoka na kufunga. Madaktari wa Denver waliieleza hali hii kwa mara ya kwanza mwaka 1967, kwa wagonjwa 12 waliokuwa na maradhi na majeraha tofauti lakini mapafu yaliyolowa namna moja. Dawa ya kuyakausha hawakuwa nayo, na mpaka leo hatunayo ya uhakika. Mashine inachofanya ni kuendelea kuingiza hewa wakati mwili unatafuta namna ya kujitengeneza. Inanunua siku, basi. Na siku hizo zina bei yake, maana mwili wa binadamu uliumbwa kuvuta hewa, mashine inaisukuma.

Kwa miaka mingi madaktari waliisukuma kwa ukarimu. Mgonjwa amekosa hewa, mpe hewa nyingi. Nani angedhani kuna madhara? Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio la wagonjwa 861. Kundi moja lilipewa pumzi za kawaida ya enzi hizo, mililita 12 kwa kila kilo. Kundi la pili nusu yake, mililita 6. Waliopewa pumzi kubwa walifariki asilimia 39.8. Waliopewa pumzi ndogo, asilimia 31. Vifuko vichache vilivyosalia wazi ndivyo vilivyokuwa vikibeba hewa yote, vinavimba, vinachanika, na majeraha mapya yanaamsha vita upya. Tangu hapo kilo zinazohesabiwa ni zile zinazotokana na urefu wa mtu, si zile za mizani, kwa sababu mtu akinenepa mapafu yake hayakui. Mwanamume wa sentimita 170, awe mwembamba au mwenye kitambi, anastahili pumzi ya mililita kama 400. Haifiki hata nusu lita. Mtu asiyejua, akiiona inavyoingia, anaweza kudhani mgonjwa anapunjwa.

Kuna hadithi ya Copenhagen ambayo kila daktari wa usingizi hufundishwa, na ambayo nadhani ilipaswa kufundishwa pia kwa mawaziri wa fedha. Kiangazi cha mwaka 1952 jiji hilo lilikumbwa na polio kali. Hospitali ya Blegdam ilikuwa ikipokea wagonjwa kwa makumi kila siku, watoto wengi wao, wamepooza misuli ya kumeza na ya kupumua. Vifaa vyao vya kusaidia kupumua vilihesabika kwa vidole. Katika wiki za mwanzo wagonjwa 31 walisaidiwa kwa vifaa hivyo, 27 walikufa. Ukipiga hesabu utapata asilimia 87, na kama kungekuwa na WhatsApp mwaka 1952, hiyo ndiyo namba ambayo ingezunguka Denmark nzima.

Mkuu wa hospitali, Lassen, akamwita daktari wa usingizi aitwaye Bjørn Ibsen. Siku hizo daktari wa usingizi alikuwa mtu wa chumba cha upasuaji, hana biashara wodini. Ibsen alitazama mafaili na maiti, akasema watoto hawa hawafi kwa virusi kupanda kwenye ubongo kama mnavyodhani, wanafia kwenye hewa chafu wasiyoweza kuitoa. Tarehe 27 Agosti wakampa msichana wa miaka 12 aliyekuwa anakata roho. Akatobolewa koo, akatiwa mrija, na Ibsen akaanza kuminya mfuko wa mpira kwa mkono. Msichana alikuwa anapambana na ile hewa, kifua kimekaza, na baadhi ya waliokuja kushuhudia wakaanza kuondoka. Ibsen akampa dawa ya usingizi. Alipoacha kupambana, mkono ukaweza kumpumulia. Akaishi.

Baada ya hapo kilichohitajika kilikuwa mikono. Mashine za kutosha hazikuwepo, kwa hiyo waliitwa wanafunzi wa udaktari, wakaja kwa mamia hadi wakafika kama 1,500, wakakaa kando ya vitanda kwa zamu, usiku na mchana, wiki baada ya wiki, kila mmoja akiminya mfuko wa mgonjwa mmoja. Kuna nyakati wagonjwa 70 walikuwa wakipumuliwa hivyo kwa pamoja. Wanafunzi waliwasomea watoto hadithi, wakajifunza kuelewa wanachotaka kwa kuangalia midomo na macho yao. Vifo vikashuka, kutoka karibu tisa kwa kumi hadi kama robo ya wagonjwa. Mwaka uliofuata Ibsen alifungua chumba maalumu cha wagonjwa wa namna hii katika hospitali nyingine ya jiji hilo, na hicho ndicho kinachotajwa kuwa babu wa ICU zote. Chumba cha wagonjwa mahututi, kabla hakijawa na king'ora wala kioo kinachomeremeta, kilikuwa mtu aliyekaa karibu na mtu mwingine na kukataa kuondoka.

Miaka 68 baada ya polio ile, Aprili 2020, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta walijifungia wakaunda mashine ya kupumulia waliyoiita Tiba Vent. Niliona fahari, na bado naiona. Watafiti waliokuwa wakihesabu vifaa vya Kenya wakati ule walipata vitanda 537 vya ICU na mashine 256 kwa nchi nzima. Sudan Kusini ilisemekana kuwa na mashine nne na makamu wa rais watano. Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba nchi 41 za Afrika, ukizijumlisha zote, zilikuwa na mashine zinazofanya kazi zisizofika 2,000 katika hospitali za umma. Ni jambo la kawaida basi kwamba kilio chote kilikuwa mashine, mashine, mashine. Zikaletwa, nyingine za msaada, zikapokelewa kwa kamera uwanja wa ndege. Hakuna waziri aliyewahi kupigwa picha akimpokea nesi wa ICU aliyemaliza mafunzo.

Ngoja niielezee kazi moja tu ya nesi huyo, ile ya kumgeuza mgonjwa kifudifudi. Sehemu ya nyuma ya mapafu, ile inayolemewa mtu akilala chali, ndiyo kubwa, na kwa mgonjwa wa korona ndiyo iliyoziba zaidi. Ukimlaza kifudifudi, upande huo unapata nafasi ya kufunguka. Claude Guérin na wenzake wa Ufaransa walithibitisha mwaka 2013, kwa wagonjwa 466 wa mapafu yaliyoharibika vibaya, kwamba kuwalaza kifudifudi kwa vipindi vya saa 16 na zaidi kulipunguza vifo vya siku 28 kutoka asilimia 32.8 hadi 16. Nusu nzima! Hakuna dawa wala chombo kipya cha kununua. Kinachotakiwa ni kumgeuza tu.

Kumgeuza tu. Daktari wa usingizi anasimama kichwani, mkono mmoja haubanduki kwenye mrija wa kooni, kwa sababu ukichomoka hapo mgonjwa ana dakika chache. Manesi wawili au watatu wanajipanga kila upande. Kabla ya yote macho ya mgonjwa yamefungwa kwa gundi na kupakwa mafuta yasikauke, chakula cha mrijani kimesimamishwa, mipira ya dripu imefuatwa mmojammoja kwa kidole kujua upi utavutika, vibandiko vya kusoma moyo vimetolewa kifuani. Mashuka mawili yanakunjwa pamoja kingo zake mpaka mgonjwa amebanwa katikati. Wa kichwani ndiye anayehesabu. Kwa tatu wanamvuta hadi ukingoni mwa kitanda, mbali na mashine. Kwa tatu nyingine wanamsimamisha kwa ubavu. Hapo wanatua, wanaangalia kioo, oksijeni imeshuka hadi 80, wanasubiri ipande. Kwa tatu ya mwisho anashuka kifudifudi. Mito chini ya kifua na nyonga ili tumbo lining'inie. Mkono mmoja juu kando ya kichwa, mwingine chini kando ya paja. Shavu limegeuzwa, sikio lisijikunje. Vibandiko vinahamia mgongoni. Kila baada ya saa chache kichwa kinageuziwa upande wa pili, ama sivyo shavu litaoza. Yote haya ndani ya gauni la plastiki, miwani ina ukungu, jina la nesi limeandikwa kifuani kwa kalamu ya wino mzito kwa sababu hakuna anayemtambua mwenzake. Na kesho, saa 16 zikitimia, wanamrudisha chali, wanahamia kitanda cha jirani.

Dawa nayo ilipatikana, na ilikuwa ya bei ya chini kuliko maski nyingine. Tarehe 16 Juni 2020 watafiti wa Oxford wakiongozwa na Peter Horby na Martin Landray walitangaza kwamba deksamethasoni, dawa iliyokuwepo tangu miaka ya 1950, miligramu 6 kwa siku kwa siku zisizozidi 10, imepunguza vifo vya waliokuwa kwenye mashine; hesabu iliyochapishwa baadaye ilionyesha vimeshuka kutoka asilimia 41.4 hadi 29.3. Katika kila wagonjwa kama wanane wa mashine, mmoja ambaye angekufa hakufa. Iko hata kwenye maduka ya dawa ya wilayani kwetu. Wakati huo huo tulikuwa tunakimbizana na malimau, tangawizi na nyungu. Sina ugomvi na nyungu, iliwafariji wengi. Aliyefikia hatua ya mashine, hata hivyo, alikuwa amevuka mto ambao mvuke hauvuki.

Hesabu ya Afrika ilikuja Mei 2021 katika jarida la The Lancet: hospitali 64 za nchi 10, Kenya ikiwemo, wagonjwa waliolazwa kwenye vyumba vya mahututi na uangalizi wa juu kati ya Mei na Desemba 2020. Ndani ya siku 30 walifariki asilimia 48.2, wakati wastani wa dunia kwa wagonjwa wa hali hiyo ulikuwa 31.5. Hapa waliohesabiwa ni mahututi wote, walio kwenye mashine na wasio, na hilo linaifanya iume zaidi. Nikaisoma nikitarajia kukuta kwamba vifaa havikuwepo. Sehemu kubwa ndivyo ilivyokuwa. Lakini waandishi, wakiongozwa na Bruce Biccard wa Cape Town, walionyesha pia kwamba vitu vilivyokuwepo havikutumika vya kutosha: hospitali zenye mashine ya kusafishia damu ambamo mgonjwa mwenye figo zilizoshindwa hakuifikia, na wagonjwa waliostahili kugeuzwa kifudifudi ambao hawakugeuzwa. Kitanda kipo na mito ipo, ila nesi ni mmoja na wagonjwa sita, na kazi yenyewe inataka watu sita kwa mgonjwa mmoja. Uingereza kabla ya korona kanuni ilikuwa nesi mmoja kwa mgonjwa mmoja wa mashine. Walipoivunja kwa lazima, walilia hadharani, na walikuwa na haki ya kulia.

Halafu wako ambao hawamo kwenye jedwali la nchi yoyote. Tanzania iliacha kutoa takwimu zake mwaka 2020 zikiwa zimesimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, zikaanza kutoka tena mwaka uliofuata. Katikati hapo watu waliugua, wengine wakapelekwa hospitali, wengine wakawekewa mashine, wengine wakapona, na yote hayo tunayo kwa kumbukumbu za familia tu. Hesabu iliyokosewa ya New York ilirekebishwa baada ya siku mbili kwa sababu ilikuwepo.

Hata kifaa kile kidogo cha kubana kidoleni na kupima oksijeni, kilichotuonyesha nani anakaribia kuhitaji mashine, hakikuwa cha haki kwa wote. Mjapani aliyekibuni msingi wake miaka ya 1970, Takuo Aoyagi, alifariki tarehe 18 Aprili 2020, katikati ya janga lililokifanya kifaa chake kipangiwe foleni madukani. Desemba mwaka huohuo watafiti wa Michigan walionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kilipitiwa na upungufu wa oksijeni karibu mara tatu kuliko kwa weupe: kioo kinasoma kati ya 92 na 96, damu yenyewe iko chini ya 88. Mwanga wake unapita kwenye ngozi, na rangi ya ngozi inachukua sehemu ya mwanga huo. Ni wangapi kati yetu waliambiwa uko vizuri, rudi nyumbani, kwa sababu ya tofauti hiyo? Jambo lililoweza kuwarudisha mapema hospitalini lilikuwa jicho la mtu anayewajua, mke au mtoto, aliyeona kwamba baba anazungumza kwa kukatakata.

Majedwali haya yote hufungwa siku ya 28, ya 30, au siku mgonjwa anapopita getini. Yeye mwenyewe hafungwi hapo. Baada ya wiki tatu za dawa za usingizi na za kulegeza misuli, mtu aliyekuwa akibeba gunia anashindwa kuinua kijiko. Sauti imekwaruzwa na mrija. Vidole vina ganzi. Ana madeni, na huku kwetu deni la ICU huwa ni la ukoo mzima, michango imepigwa, shamba limewekwa rehani. Na ana kumbukumbu za mambo ambayo hayakutokea: waliopona husimulia kufungwa kamba, kuzamishwa, kuuzwa, kuchekwa na watu waliovaa barakoa. Kufungwa mikono kuna ukweli wake, ili asichomoe mrija. Barakoa nazo zilikuwepo. Akili iliyojaa dawa ilizishona pamoja kadiri ilivyoweza. Akiwasimulia nyumbani, wanaosikia huombea, au humkatiza kwa upole: mshukuru Mungu, yamepita.

Katika nchi za Skandinavia manesi wa ICU wana desturi ya kumwandikia mgonjwa aliyelazwa usingizi daftari. Wanamwandikia yeye, kwa nafsi ya pili: leo tumekugeuza asubuhi, ulikohoa, mkeo amepiga simu akauliza kama umenyolewa, nje kunanyesha. Akipona anapewa. Anakaa nalo na kupanga upya siku zake, hii ndiyo ile kamba, huyu ndiye aliyekuwa akicheka, alikuwa akizungumza na mwenzake kuhusu mwanawe. Sijui kwa nini desturi hii isianzishwe katika hospitali zetu za rufaa, ambako ndugu wengi hawaruhusiwi kupita mlangoni na hurudi nyumbani na neno moja tu, "anaendelea vizuri" au "tuombe Mungu". Daftari la kurasa 96 linatosha wagonjwa kadhaa. Tatizo litakuwa lilelile la kugeuza: nesi wa zamu ya usiku, mwenye vitanda sita, aandike saa ngapi? Pengine ndugu walioko nje kwenye mabenchi wangeandika wao, na nesi akaongeza mistari miwili akipata nafasi. Tarehe ziandikwe wazi, na majina ya waliokuwa zamu, kwa sababu mgonjwa akipata nguvu ya kuuliza, maswali yake ya kwanza huwa ni hayo: ilikuwa lini, na alikuwepo nani.